Silinda ya Kwanza Iko Nyuma: Kufufua Peugeot 404 na Kijana Wako

Siku injini ya Pijo ya marehemu baba yangu ilipokohoa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ilikohoa moto. Ulimi wa moto ulichomoka kwenye mdomo wa kabureta, ukanilamba nyusi, ukarudi ndani. Binti yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, hakukimbia. Alifunika kabureta kwa gunia bichi kama tulivyokubaliana, akasubiri moshi upungue, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba, una hakika silinda namba moja ni ile ya mbele?"

Nilikuwa na hakika kabisa. Nimefungua na kufunga injini za Toyota tangu ujana wangu, na silinda ya kwanza ni ile iliyo karibu na rejeta, hilo haliulizwi. Yeye lakini alikuwa ameshika kitabu cha gari, kidole juu ya mchoro. Kwa Peugeot, silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa klachi. Ya kwanza iko nyuma. Mimi nilikuwa nimechomeka waya za plagi kwa mpangilio sahihi wa 1-3-4-2, ila nimeanzia upande usio wake, kwa hiyo kila cheche ilipiga pistoni ikimalizia kutoa moshi na valvu ya kuingizia ikianza kufunguka. Petroli iliyokuwa njiani ikashika moto na kurudi ilikotoka.

Tangu siku hiyo tulibadili namna ya kufanya kazi, na ndiyo sababu ya makala haya. Mzazi anayetaka kufufua gari la zamani na mwanawe hujiona yeye ndiye mwalimu. Kwa gari la kawaida huenda ni kweli. Kwa gari lisilo la kawaida, ujuzi wa mzazi ni mazoea ya magari mengine, na mazoea hayo ndiyo yanayoharibu. Kijana hana mazoea. Anasoma kabla ya kufungua.

Gari lenyewe

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini ni ya cc 1618, silinda nne, imelazwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Gia ziko kwenye usukani. Yetu ni stesheni yenye safu tatu za viti, ile iliyobeba abiria, magunia na maharusi mpaka ikapewa heshima ambayo sedani haikuipata.

Kwetu Afrika Mashariki gari hili halikuwa la mapambo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano ya Safari na 7 tu yakamaliza. Lililoongoza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na wakashinda walewale kwa gari la aina ileile. Katikati hapo, 1966 na 1967, kombe lilichukuliwa mfululizo na Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, nao wakiwa na 404. Wazee wanaposema "Pijo haifi" hawatii chumvi sana.

Ila hufa. Hufa kwa kutu, na hufa kwa kuwekewa vitu visivyo vyake.

Karatasi kwanza

Sehemu hii haina utamu, nitaipitia haraka. Kama gari ni la marehemu, kama letu, usinunue hata gasketi moja kabla familia haijakaa. Hapa Tanzania lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo inatosha. Huyo ndiye mwenye uwezo wa kuhamisha umiliki, kisha kadi ya gari ibadilishwe TRA. Kenya nako, bila hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, logibuku haihami. Nimeona gari likifufuliwa kwa miaka mitatu, likang'aa, ndipo shangazi akakumbuka kwamba lilikuwa la kwake.

Linganisha namba ya injini na namba ya bodi na zile za kwenye kadi. Zisipolingana, shughulikia sasa. Ukibadili injini au rangi baadaye, kadi nayo irekebishwe. Na kijana aliye chini ya miaka 18 hashiki usukani barabarani, hata kama gari amelifunga yeye kwa mikono yake. Mwambie mapema, ili lisije likawa ugomvi siku ya furaha.

Kutafuta kutu

Sisi tuko Tanga, na hewa ya bahari haina huruma. Jambo la kuelewa kuhusu 404 ni kwamba haina chasisi ya kutenganisha na bodi kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo kutu kwenye boksi la chini ya milango si suala la sura. Ni mfupa uliooza.

Mpe kijana sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe polepole kwenye bodi yote. Inaposhika kwa nguvu, pana bati. Inapoteleza, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti mara nyingi hakuna kitu. Binti yangu alitumia chaki: duara kwa sehemu ya mashaka, msalaba kwa sehemu iliyokufa. Alipomaliza, gari lilionekana kama mgonjwa wa surua. Tazameni hasa sakafu chini ya mazulia, mahali pa kuwekea jeki, sehemu ya juu ndani ya mbawa za mbele ambako shokapu hushikilia, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma wa stesheni, ambako maji ya mvua hulala.

Kama pale shokapu za mbele zinaposhikilia pameoza, na boksi za chini pande zote mbili zimeoza, shauri langu ni gumu: tafuta bodi nyingine, na hili lako liwe ghala la vipuri. Mbawa na milango hupatikana au hutengenezwa. Kunyoosha uti wa mgongo uliokwisha kulegea ni kazi ya fundi mwenye fremu ya kupimia. Ua wa nyumbani hautoshi.

Kuchomelea tulimwachia welda. Tulichofanya sisi ni kulitayarisha gari: kutoa betri, kutoa tanki la petroli na kulipeleka mbali, kung'oa mazulia, kuweka ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga karibu. Tanki lenyewe lisichomelewe nyumbani kwa hali yoyote. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki humo ndio unaolipuka.

Nani anashika spana

Mwezi wa kwanza nilikuwa baba mbaya wa gereji. Kila nati ilipokaza, nilimpokonya binti spana. Yeye akabaki mshika tochi, na mshika tochi huchoka upesi kuliko mshika nyundo. Wikiendi ya nne hakutoka chumbani.

Tuliporudi kazini baada ya ule moto wa kabureta, tuliandika sheria mbili ukutani kwa mkaa. Anayeanza nati ndiye anayeimaliza. Na hakuna kinachofunguliwa kabla mmoja wetu hajasoma ukurasa wake kwa sauti. Sheria ya pili ilinichosha mimi zaidi ya yeye.

Gawa kazi kwa mifumo mizima. Ukisema "leo unisaidie," umempa kijana jioni moja. Ukisema "umeme wa gari hili ni wako," umempa gari. Binti alichukua umeme na kabureta. Mimi nikachukua breki, usukani na springi, kwa sababu hizo zikikosewa zinaua, na mwenye kubeba lawama ya kifo awe mtu mzima. Hii haina maana kwamba hakugusa breki. Alizikagua kila hatua na alikuwa na ruhusa ya kukataa.

Daftari ni chombo cha kazi kama spana. Kila kinachotoka kinapigwa picha kwa simu kikiwa bado mahali pake, kinaandikwa, na skrubu zake zinaingia kwenye kopo la maziwa lenye jina. Usiseme utakumbuka. Gari likikaa wazi miezi minane, hutakumbuka.

Kuhusu usalama nitasema machache ambayo sina mjadala nayo. Jeki ni ya kuinulia tu. Kabla kichwa hakijaingia chini ya gari, stendi za chuma ziwe zimeshika, na matairi yaliyobaki chini yamewekewa vizuizi. Matofali hayafai, hupasuka bila taarifa. Springi za mbele za 404 zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Zitolewe kwa kibanio chake au zipelekwe kwa fundi. Vumbi lililo ndani ya ngoma za breki za zamani huenda lina asbesto: lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, lifutwe kwa kitambaa chenye maji kisha kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Rangi za enzi hizo huwa na risasi, kwa hiyo msasa upigwe na maji.

Breki kabla ya injini

Vijana wanataka kusikia injini. Wape injini mwishoni. Gari lisilowaka haliendi kokote, lakini linalowaka bila breki kuna mtu atalijaribu.

404 nyingi za miaka ya 1960 zina ngoma magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hupita njia moja kutoka masta silinda. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama na unabaki na breki ya mkono. Hivyo tulibadilisha mipira yote, hata ile iliyoonekana mizima kwa nje. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga, yanagoma kurudi ukiachia, na gurudumu linabaki limeshikwa mpaka ngoma inanuka. Wengi hulaumu breki shuu.

Kwa mabomba, epuka ile shaba laini ya mafundi friji. Inakunjika vizuri, inapendeza, na baada ya mtikisiko wa barabara ya vumbi inapasuka kwenye shingo. Tumia bomba la breki la chuma, au la aloi ya shaba na nikeli. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, ya kopo jipya. Hunyonya maji hewani, na maji hayo huchemka kwenye mteremko mrefu. Oili ya kawaida ikiingia humo, hata kijiko, mipira yote inavimba na kazi inaanza upya.

Kutoa hewa ndiyo kazi bora kabisa ya watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye gurudumu. "Shika!" "Nimeshika." "Achia!" Jioni nzima, gurudumu baada ya gurudumu, hamna maneno mengine. Sijui kama kuna mazungumzo marefu zaidi ya hayo niliyowahi kufanya na mtu wa miaka 15.

Injini iliyoganda

Injini iliyokaa miaka usiipigie stata. Tulitoa plagi, ambazo kwenye 404 zimejificha ndani ya mirija mirefu inayopenya kifuniko cha valvu, tukamimina kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia otomatiki, tukaacha wiki nzima. Kisha tukatumia mkono wa kuzungushia injini, kwa maana gari hili bado lina tundu lake kwenye bampa. Usilazimishe. Sogeza mbele kidogo, rudisha, sogeza. Siku ya tatu ikazunguka.

Baada ya hapo pima mgandamizo wa kila silinda, plagi zote zikiwa nje na aksele imekanyagwa mpaka chini. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi.

Hapa ndipo mtego wa pili wa Pijo ulipo. Slivu zake zimesimama ndani ya maji, zimeshikwa chini kwa gasketi nyembamba na juu kwa hedi yenyewe. Ukiifungua hedi kisha ukazungusha krenki kuona pistoni zinavyopanda, kama kila fundi anavyopenda kufanya, slivu huinuka pamoja na pistoni. Gasketi ya chini hukatika usiione. Utafunga hedi kwa ustadi wote, na mwezi unaofuata oili itakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kabla ya kuzungusha, bana slivu kwa boliti na washa pana. Binti alinisomea ukurasa huo mkono wangu ukiwa tayari umeshika krenki.

Mfumo huohuo una faida yake. Slivu na pistoni zikichakaa unaagiza seti mpya na kupachika, bila kupeleka bloku kutobolewa. Sharti moja: slivu zote zijitokeze juu ya bloku kwa kipimo cha kitabu, zipimwe kwa geji ya saa. Hiyo kazi mpe kijana. Macho yake ni mazuri kuliko yako.

Watu wamekuwa wakiniuliza kama petroli ya siku hizi isiyo na risasi haitaua valvu. Petroli yenye risasi ilikwisha kwetu mwanzoni mwa 2006, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli zaidi kwa magari yenye hedi ya chuma ambayo valvu zake zilikaa juu ya chuma hichohicho laini. Hedi ya 404 ni ya alumini, kwa hiyo viti vya valvu vimepachikwa vya chuma kigumu. Pima nafasi za tapeti kila baada ya muda, uendeshe.

Mafuta ya nyonyo

Sasa difu. Ningeweza kuandika makala nzima kuhusu difu hii.

Nilikuwa chini ya gari, kopo la oili nzito ya difu mkononi, ile ambayo kila duka linayo. Mzee mmoja wa mtaani, fundi aliyestaafu zamani, alikuwa amesimama kwenye lango akitutazama kama kawaida yake. Binti akamwamkia shikamoo, naye badala ya kuitikia akasema, "Mwambie baba yako asimimine hiyo."

Kwenye magari mengi, difu ni meno ya chuma yanayosaga meno ya chuma. Kwenye 404, shafti inaishia kwenye skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni kimya, ni imara, na kwa sehemu kubwa ndiyo siri ya gari hili kupanda milima likiwa na watu tisa bila kulalamika. Lakini skrubu haizungushi shaba kama meno yanavyoumana. Inateleza juu yake muda wote. Msuguano wa namna hiyo unataka mafuta yanayong'ang'ania, na kiwanda kiliagiza mafuta yaliyotokana na mbarika, yale tunayoyaita ya nyonyo. Oili za kisasa za difu zina viambato vya salfa vilivyotengenezwa kulinda chuma. Difu ikipata joto, salfa hiyo huitafuna shaba. Hakuna mlio wa kukuonya mpaka gurudumu limeisha, na gurudumu jipya ni kipuri cha kutafutwa kwa tochi duniani.

Kwa hiyo: fungua nati ya chini, kinga mafuta kwenye beseni jeupe, yatazame juani. Ukiona unga wa rangi ya dhahabu, shaba inaliwa. Nusa. Mafuta ya mbarika yaliyozeeka yana harufu yake, tamu na nzito. Usichanganye aina mbili, maana mbarika na oili ya madini havipatani na huweza kugeuka utando mzito. Safisha kwanza, kisha jaza mafuta yaliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya gia za skrubu zenye shaba. Na tafadhali, usimimine ile chupa ya nyonyo ya nywele. Niliulizwa swali hilo na shemeji yangu akiwa hatanii.

Gia boksi nayo ina mambo yake: inakunywa oili ya injini, si oili ya gia. Binti alipaka rangi nyekundu kuzunguka nati ya difu na ya buluu kuzunguka nati ya gia boksi, ili siku gari litakapopelekwa kwa fundi mwingine, fundi huyo aulize kwanza.

Nini kibadilishwe

Ukarabati ulikuwa rahisi kuliko ubishi wa marekebisho. Binti alitaka gari lishushwe chini, rimu pana, ekzosi yenye sauti na redio ya kuunganisha na simu. Mimi nilitaka kila kitu kibaki kama siku babu yake alipolichukua bandarini. Wote tulikuwa tumekosea.

Kulishusha nilikataa, na nilimwonyesha picha za Safari: magari hayo yalishinda kwa sababu tumbo lao liko juu na springi zao zina mwendo mrefu. Ukikata springi umenunua gari jingine. Rimu pana zinazotokeza nje zinaongeza mzigo kwenye bearingi za magurudumu na usukani usio na nguvu za ziada, mikono itakwambia. Ekzosi aliiacha mwenyewe baada ya kufikiria bibi yake.

Tulichokubaliana ni kipimo kimoja: kama marekebisho yataacha tundu jipya kwenye bati au dashibodi, yasifanyike, isipokuwa yanaokoa maisha. Redio ikaingia. Imefichwa chini ya kiti, waya zake zimepita kwenye matundu ya zamani, na dashibodi haina mkwaruzo. Pointi zilizo ndani ya distributa zikabadilishwa na kifaa cha elektroniki kinachokaa humohumo chini ya kofia. Zile pointi na kondensa viko kwenye kopo ndani ya buti pamoja na fila geji, kwa sababu kifaa cha elektroniki kikifa porini kimekufa, na pointi unaweza kuzipiga msasa kwa kiberiti. Jenereta ya zamani, ambayo huchaji kidogo sana gari likisimama kwenye foleni, ikatoa nafasi kwa altaneta.

Taa ndizo zilimfanya binti ajivunie fizikia yake. Swichi ya zamani hubeba umeme wote wa taa kubwa. Alipiga hesabu: taa mbili za wati 55 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 9, zinapita kwenye swichi iliyozeeka kuliko baba yake. Akaweka relei karibu na betri, swichi ikabaki na kazi ya kuamrisha tu, na kila saketi ikapata fyuzi yake. Taa zilezile zikawaka kama zimeamshwa. Akaongeza na swichi ya kukata betri nzima. Kwa gari lenye waya za kitambaa ningeiweka hata kabla ya redio.

Matundu mapya tuliyotoboa ni ya mikanda ya usalama. Mkanda usifungwe kwenye bati tupu la sakafu. Nyuma ya kila boliti pawe na sahani nene ya chuma inayosambaza nguvu, na bati lenyewe liwe zima. Kama kuna fedha za rekebisho moja tu, liwe hilo. La pili liwe breki za diski mbele pamoja na hidrovaki, vitu ambavyo 404 za baadaye zilitoka navyo kiwandani, kwa hiyo ukipata gari la kuchinja unaweza kuvihamisha bila kubuni.

Injini ya 504 wengi huisifia, na ni kweli ni ndugu wa damu: ile ya cc 1796 ina upana uleule wa silinda, milimita 84, ila mwendo wa pistoni umerefushwa kutoka 73 hadi 81. Inaingia vizuri. Sisi hatukuiweka kwa sababu ya kwetu ilikuwa hai, na kwa sababu ya safari nyingine ya kurekebisha kadi. Kama 404 yako ni ile ya sindano za petroli yenye pampu ya Kugelfischer, usiifungue pampu hiyo mezani. Tafuta anayeijua, na mpaka umpate, iache imefungwa.

Vipuri? Nairobi, Barabara ya Kirinyaga bado ina watu wanaojua Pijo kwa jina. Dar, anza Gerezani. Nenda na kipuri kibovu mkononi na kijana pembeni. Wazee wa maduka hayo hupanda bei wakiona mtu mzima mwenye shauku na hushusha wakiulizwa swali zuri na mtoto.

Kilomita za kwanza

Usipange safari ya Korogwe siku ya kwanza. Tulizunguka mtaa kwa gia ya pili, tukasimama, tukagusa ngoma kwa mgongo wa mkono moja baada ya nyingine. Ngoma yenye joto kuliko wenzake ina breki inayoshika. Kisha kilomita 10, kilomita 30, kila mara tukirudi na kuweka karatasi nyeupe chini ya injini, gia boksi na difu usiku kucha ili asubuhi tusome madoa. Maji na oili hukaguliwa kila kituo, na boliti za hedi hukazwa tena injini ikiwa baridi kama kitabu kinavyotaka.

Nati za magurudumu hukazwa upya baada ya kilomita 50, hata kama umezikaza mwenyewe, hata kama una miaka 30 ya kuzikaza. Nilimwambia binti hiyo si lazima, rimu ni zilezile za zamani. Alishuka na spana bila kunijibu. Gurudumu la nyuma kushoto, nati ya tatu, ikazunguka robo nzima. Hakusema neno, akachomoa kalamu nyuma ya sikio na kuandika daftarini, tarehe na kilomita, akaniletea nitie sahihi.